Makande yakichemka usiku kucha, sumukuvu inaisha?

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Himo, Moshi. Mwezi wa nane tulivuna magunia saba ya mahindi kwenye shamba letu la tambarare. Tuliyaweka stoo kabla hayajakauka vizuri kwa sababu mume wangu alikuwa anawahi safari, na sasa tukifungua gunia tunakuta punje nyingine zina ukungu wa kijani. Mama mkwe anasema tusihangaike: yaoshwe, yachanganywe na maharage, makande yachemke usiku kucha kwenye kuni, hakuna sumu itakayobaki. Anasema pia kuku wamekula mahindi hayo mwezi mzima na hakuna aliyekufa. Mimi nilisikia redioni kwamba sumukuvu inaleta kansa ya ini. Nina mtoto wa miezi minane, uji wake ni wa mahindi hayo hayo. Naomba unieleze hiyo sumu inafanya nini hasa ndani ya mwili, na kwa nini moto usiimalize?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri maelezo marefu. Kuanzia leo uji wake usitoke kwenye magunia hayo. Mpe mtori laini, ndizi za kupondwa, viazi, wali uliopondwa, na uendelee kumnyonyesha kama kawaida. Uko Kilimanjaro, ndizi hazijakupungukia, na ndizi mbichi iliyotoka mgombani haina tatizo hili la kuvu wa ghalani. Hilo likishafanyika tunaweza kukaa tukazungumza.

Sasa twende jikoni kwa mama mkwe. Kwenye chungu chake cha makande kuna sumu mbili, na kwa moja kati ya hizo yuko sahihi kabisa. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisikia neno sumu hudhani ni kitu cha aina moja, kwamba kinachoishinda hii kitaishinda na ile. Sivyo.

Sumu ya kwanza iko kwenye maharage. Maharage mekundu mabichi yana protini iitwayo lektini. Ikifika tumboni haihitaji kuingia popote. Inashika sukari zilizo juu ya utando wa seli za utumbo kama kupe anavyong'ang'ania ngozi ya ng'ombe, na seli hizo zinashindwa kufyonza chakula. Mtu aliyekula maharage yasiyoiva huanza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Lakini lektini ni protini, na protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa namna yake. Nguvu yake yote iko kwenye hilo kunjo. Chemsha maji yatokote, kunjo linafumuka na halirudi tena, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango na hauwezi kuwa ute tena. Kwa hiyo anaposema makande yachemke sana, kwa upande wa maharage anasema kweli tupu. Tena yatokote kwelikweli. Moto wa uvuguvugu hauiharibu lektini.

Sumu ya pili iko kwenye mahindi, na hii ni mtu mwingine kabisa. Sumukuvu kali kuliko zote, ile wataalamu wanayoiita aflatoksini B1, ni molekuli ndogo mno. Ina atomu 35 tu: kaboni 17, hidrojeni 12 na oksijeni 6, zimefungamana katika pete zilizoshikana bega kwa bega. Haina mnyororo wa kufumuliwa. Kuivunja kwa joto peke yake kunahitaji zaidi ya nyuzijoto 250, na chungu cha makande hakifiki huko hata ukiweka kuni za mwezi mzima. Maji yakishaanza kutokota joto lake haliongezeki tena, unaongeza muda tu. Na sisi tunaoishi mwinuko tuna upungufu mwingine: pale Moshi mjini maji yanatokota kwenye nyuzi 97 hivi, na huku Arusha kwenye 95, hata 100 hatuzifikishi. Usiku kucha wa makande ni saa nyingi za nyuzi 97, basi.

Kinachokufa kwenye chungu ni kuvu wenyewe. Wao ni viumbe hai, na maji ya moto yanawamaliza mara moja. Ila sumu yao si kiumbe. Ni kitu walichokwisha kutengeneza na kukiacha ndani ya punje wiki kadhaa nyuma, wakati gunia limefungwa na unyevu umejaa. Kuwaua leo hakuondoi walichokiacha.

Pengine mama mkwe atakuuliza: na magadi je? Swali zuri, kwa sababu magadi kweli yanaigusa sumukuvu. Kitu chenye alikali kinaifungua pete mojawapo ya molekuli hiyo, na pete ikifunguka sumu inapungua makali. Shida ni mbili. Magadi tunayotia kwenye makande ni kidogo, ya kulainisha tu. Na ile pete inaweza kujifunga tena ikikutana na asidi, na asidi iko tele tumboni mwako. Usiyategemee.

Sasa kuku. Hapa inabidi nikusimulie habari ya mwaka 1960, maana sumukuvu ilijulikana kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka huo nchini Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa. Ulipochunguzwa chanzo kikaonekana ni chakula: mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili, yaliyokuwa yameota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina aflatoksini limekatwa kutoka kwenye jina la kuvu huyo. Baada ya hapo watafiti wakawa wanatumia vifaranga vya bata kama kipimo, kwa sababu bata ni dhaifu mno mbele ya sumu hii. Ungewapa bata hayo mahindi yako huenda ungepata jibu tofauti na la kuku. Panya mdogo wa maabara, kwa upande mwingine, anaistahimili kwa kiwango kinachoshangaza.

Kwa nini bata afe, kuku apone, panya asijali? Sumu ni ile ile. Kinachotofautiana ni ini. Hapo ndipo penye jibu la swali lako lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Sumukuvu inapoingia mwilini bado haijawa kali. Najua hili linashangaza. Inafyonzwa utumbo mwembamba, inapanda kwenye damu na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini, kama sehemu kubwa ya tunachokula. Ini lina kazi ya kupokea vitu vigeni na kuviandaa vitoke kwa mkojo au kwa nyongo. Molekuli za mafuta-mafuta hazitoki kirahisi kwa maji, kwa hiyo seli za ini zina kundi la vimeng'enya, yaani saitokromu P450, ambavyo huipachika molekuli ngeni oksijeni ili iwe rahisi kuondoshwa. Mara nyingi njia hii inatusaidia. Dawa unazomeza ukiumwa hupitia hapo.

Kwa sumukuvu, msaada huo ndio unaoleta madhara. Oksijeni ikipachikwa mahali fulani kwenye ile pete ya mwisho, molekuli inageuka kuwa kitu kiitwacho epoksaidi, na epoksaidi hiyo ina haraka ya ajabu. Kwenye maji inadumu kama sekunde moja tu. Lakini katika sekunde hiyo iko tayari kushikamana na chochote kilicho jirani. Ini letu wenyewe ndilo linaloinoa.

Seli ina namna ya kujikinga. Ndani yake mna kitu kidogo kiitwacho glutathioni, na kuna kimeng'enya kinachoikutanisha glutathioni na epoksaidi ili izimwe kabla haijafika mbali. Panya mdogo amejaliwa kimeng'enya cha aina hiyo chenye kasi kubwa; ndiyo maana anapona. Batamzinga wa kufugwa hana chenye kufaa kitu kwa kazi hii. Binadamu? Tuko upande ulio dhaifu. Vimeng'enya vyetu vya kuinoa sumu ni hodari, na vya kuizima ni vivivu. Mtoto aliyedhoofu kwa kukosa protini ana shida zaidi, kwa sababu glutathioni inajengwa kutokana na vijenzi vya protini.

Nilikuja kulielewa hili vizuri siku moja maabara nikiwa bado mwanafunzi. Nilikuwa na kisahani cha plastiki kilichooteshwa seli za ini, aina inayotumika sana duniani, iliyotokana zamani na uvimbe wa ini wa mgonjwa mmoja. Nikatia sumukuvu. Kesho yake nikaweka kisahani chini ya hadubini nikitegemea kuona maiti. Seli zilikuwa zimetulia, zimejilaza zimebanana kama mawe ya barabarani, zinang'aa. Nikadhani sumu imeharibika. Msimamizi wangu akaniambia nirudie kwa aina nyingine ya seli, ile iliyotunzwa isipoteze vimeng'enya vya ini. Dozi ile ile. Safari hii siku ya pili seli zilikuwa zimejikunja duara, zimebanduka kwenye kisahani na zinaelea. Seli za kwanza zilikuwa zimekwisha poteza sehemu kubwa ya saitokromu zake kwa kuishi maabara miaka mingi, zikawa hazina cha kuinolea sumu. Toka siku hiyo siwezi kumsikia mtu akisema "kuku hawakufa" bila kukumbuka visahani vile viwili.

Tuendelee na ile epoksaidi iliyoponyoka. Ikiingia kwenye kiini cha seli inakutana na DNA, na kwenye DNA ina mahali inapopapenda: guanini, moja kati ya zile herufi nne za vinasaba. Inajibandika hapo. Mara nyingi seli inatambua kwamba kuna kitu kimebandikwa, inakikata na kukitupa. Takataka hiyo inatoka kwenye mkojo, na sisi watafiti tunaweza kuipima humo na kujua kwamba mtu huyu siku hizi chache zilizopita alikula sumukuvu, na ikafika kwenye DNA yake. Kuna kipimo kingine cha damu kinachotazama sumukuvu iliyojishika kwenye protini ya albumini. Hicho kinasimulia habari za miezi miwili mitatu.

Hatari inakuja pale seli inapogawanyika kabla ya kurekebisha. Wakati wa kunakili vinasaba, guanini iliyobandikwa inasomwa vibaya, na mahali palipotakiwa kuwa na G panaandikwa T. Herufi moja. Seli nyingi zikipata kosa la namna hiyo hakuna kinachotokea. Ila kuna jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalichunguza uvimbe wa saratani ya ini, moja kwa wagonjwa wa Qidong nchini China na jingine kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika, sehemu ambazo watu walikula vyakula vyenye sumukuvu kwa miaka mingi. Wote wawili wakakuta kosa lile lile likijirudia mahali pale pale, kwenye nafasi ya 249 ya jeni hiyo, G imegeuka T. Ni nadra sana katika sayansi ya saratani kuona sumu imeacha alama inayosomeka namna hiyo.

Seli iliyopoteza p53 haifi na haiumi. Inaendelea kuzaana taratibu, na uvimbe unaweza kuchukua miaka, hata miongo, kujitokeza. Kuku wa mama mkwe anachinjwa Krismasi. Ndiyo maana nasema kuku hawezi kuwa shahidi kwenye kesi hii. Na tena kati ya ndege wa kufugwa yeye ni mvumilivu kuliko bata na batamzinga.

Kwenye hadithi hii kuna mtu wa pili, na huku kwetu ni lazima nimtaje: virusi vya homa ya ini B. Virusi hivyo vinasababisha seli za ini zife polepole, ini linalazimika kuotesha seli mpya kila mara, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kosa kunakiliwa. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai, ulioanza kutolewa matokeo mwaka 1992, ulionyesha kwamba mwenye virusi na sumukuvu kwa pamoja alikuwa na hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 ya asiye na vyote viwili. Ukichukua hatari ya kila kimoja peke yake na kuzijumlisha hufiki hata robo ya hapo. Angalia kadi ya mtoto wako ya kliniki: chanjo ya penta ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya homa ya ini B ndani yake. Kama zote zimewekwa alama, umeshamfanyia jambo kubwa kuliko nitakalokueleza hapa. Wewe na baba yake mkapime, ni kipimo cha damu cha dakika chache.

Yote hayo ni madhara ya kidogo kidogo. Sumukuvu ikiwa nyingi sana kwa mara moja haisubiri saratani. Inaua seli za ini kwa mkupuo, mtu anaumwa tumbo, anatapika, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kwetu, mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 wakafa 20. Ilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na familia zenyewe, kama ya kwako. Yeyote nyumbani akipata dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mchukue sampuli ya mahindi mwende nayo. Sumu hii haina dawa ya kuibatilisha, lakini daktari akijua mapema anaweza kulisaidia ini wakati linapambana.

Kiasi gani ni kingi? Viwango vyetu vya Tanzania vinaruhusu jumla ya sumukuvu isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile B1 peke yake isizidi 5. Watu wakisikia maikrogramu macho yanazubaa, kwa hiyo nitaisema hivi: gunia zima la kilo 100 halitakiwi kuwa na zaidi ya miligramu moja ya sumukuvu. Chukua chumvi laini ya mezani, hesabu kama chembe kumi na tano. Hicho ndicho kikomo cha gunia zima.

Usivunjike moyo, kwa sababu sumu hiyo haijasambaa sawasawa. Inakuwa imejikusanya kwenye punje chache. Punje moja iliyoshambuliwa vibaya inaweza kubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo kadhaa za unga, na mamia ya punje za jirani yasiwe na kitu. Kwa mpimaji hilo ni balaa, maana ukichota kikombe kimoja unaweza kuikosa kabisa. Kwa mama mwenye ungo ni bahati.

Kwa hiyo chagua, mwanangu. Kaa nje kwenye mwanga wa asubuhi, mimina mahindi kwenye ungo safu moja tu, usijaze. Toa zenye ukungu, lakini usiishie hapo. Toa zilizopasuka, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, na zile zilizobadilika rangi kuelekea kahawia au zilizofifia. Chukua punje yenye shaka uipasue kwa kisu kwa urefu. Kiini kizima ni cheupe kama maziwa. Kilichoingiliwa kina kivuli cha kijivu au unga wa kijani pembeni ya ile sehemu inayochipua. Ukiona punje kumi katika gunia ziko hivyo utajua jicho lako litafute nini. Kisha zilizobaki uzitie kwenye beseni la maji, koroga, na zinazoelea zienguliwe zote. Punje iliyoliwa na kuvu huwa nyepesi. Kuosha kwa mama mkwe kunasaidia, ila faida yake iko kwenye kuengua hizo zinazoelea. Hizo za kulowekwa ziwe za kupika siku hiyo, usizirudishe gunia.

Nikuonye juu ya mambo mawili. Rangi ya kijani si ushahidi kamili: kuna ukungu wa kijani usiotengeneza sumukuvu kabisa, na kuna punje inayopendeza macho ilhali imebeba sumu. Kuchagua kunapunguza sana, hakumalizi. La pili ni zile taa za mwanga wa zambarau ambazo watu huuziwa kwamba zinaonyesha sumukuvu. Mng'ao wa kijani-njano unaoonekana kwenye punje hausababishwi na sumukuvu, unatokana na asidi inayotengenezwa na kuvu huyo huyo. Unakuambia kwamba kuvu alipita hapo, haukuambii kiasi cha sumu. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara, au vile vijikaratasi vya kupimia vinavyotumiwa na wanunuzi wakubwa wa nafaka.

Baada ya kuchagua, koboa. Sehemu kubwa ya sumu inakaa kwenye ganda na kiini, na mashine ya kukoboa inaviondoa vyote viwili. Mimi ni mpenzi wa dona na ninalila, lakini dona ni la mahindi unayoyaamini. Haya ya kwako mwaka huu yawe sembe. Rombo, majirani zenu, palifanyika utafiti uliozihusisha kaya za wakulima: wengine walifundishwa kukausha juu ya mikeka, kuchambua kwa mkono na kukoboa, wengine wakaendelea na desturi. Kaya zilizofuata maelekezo mahindi yao yalikuwa na sumu kidogo kuliko za wenzao, bila mtambo wowote wa kisasa.

Ukikoboa utabaki na pumba, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Sumu haikupotea, imehamia kwenye pumba, tena imekolea. Huko kwenu kila boma lina ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa, na pumba ndiyo chakula chake. Ini la ng'ombe linafanya kama letu: linaipachika sumukuvu oksijeni, sehemu yake inageuka kuwa aina nyingine iitwayo M1, na M1 inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kuchemsha maziwa hakuiondoi, kwa sababu zile zile nilizokueleza. Ukiacha kumpa pumba hizo, maziwa yanasafika baada ya siku tatu nne. Kwa hiyo pumba za mahindi haya, pamoja na punje ulizochambua, zichomwe au zifukiwe. Usimpe ng'ombe, wala kuku, wala usimuuzie mpika pombe. Najua ni fedha. Mahindi mabovu ya nchi hii yanaishia mno kwenye pombe za kienyeji, na mnywaji naye ana ini.

M1 inapita pia kwenye maziwa ya mama. Ilishapimwa hata kwa kina mama wa Rombo. Tafadhali usilisome hilo kama sababu ya kumwachisha mtoto. Kiasi kinachopita ni kidogo sana ukilinganisha na anachokipata kwenye bakuli moja la uji mbovu, na maziwa yako yana kinga ambayo hakuna unga utakaompa. Maana yake ni moja tu: na wewe unayenyonyesha usile mahindi yasiyochambuliwa. Ukija kurudi kwenye unga wa lishe, karanga zichambue moja moja kabla ya kukaanga, zilizosinyaa na chungu utupe, kwa sababu karanga na mahindi ndivyo vinavyopendwa na kuvu huyu kuliko vyote, na unga wa lishe wa dukani unavichanganya bila wewe kuviona. Ulezi na mchele vina nafuu. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa watoto 480 wa Benin na Togo, na wale waliodumaa au wenye uzito pungufu walikutwa na sumukuvu zaidi kwenye damu, kwa asilimia 30 hadi 40. Wataalamu bado wanabishana namna inavyomzuia mtoto kukua, wengi wakitazama utumbo wake. Mimi sisubiri ubishi huo uishe ndipo nimwambie mama abadilishe uji.

Qidong niliyoitaja inanipa matumaini. Watu wa pale waliacha hatua kwa hatua kula mahindi wakahamia kwenye wali, na vifo vya saratani ya ini vikapungua sana katika kizazi kimoja, hata kwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini. Hawakupata dawa mpya. Walibadilisha kilichomo kwenye sahani.

Kwa mama mkwe, nenda na ungo, usiende na maneno ya redioni. Mwombe mchambue pamoja. Macho yake yamezoea nafaka kuliko yangu. Mwambie daktari amekubali kuhusu maharage.

Na msimu ujao mahindi yasiguse udongo. Yaanikwe juu ya turubai, yaanuliwe kabla ya umande wa jioni, na kabla hujafunga gunia fanya kipimo hiki: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza mahindi hadi nusu, funga, tikisa dakika mbili tatu, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu uliopita asilimia 15, yarudishe juani. Isipoganda, yameshuka chini ya hapo, lakini kuvu anazuiwa vizuri kwenye 13. Kwa hiyo hata chupa ikibaki safi, yape mahindi jua la siku moja au mbili zaidi, ndipo ufunge. Mume wako akiwa na safari, asafiri. Mahindi yabaki juani.